Yadi ya Treni Isije Mjini: Barua ya Wazi kutoka Chuno

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania (TRC),
Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), Bandari ya Mtwara, Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

YAH: MAHALI PA KUJENGA YADI NA STESHENI YA MIZIGO YA RELI YA MTWARA–MBAMBA BAY

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Chuno, mjini Mtwara. Habari ya reli ya kusini tumeshaiulizia "lini" mpaka ndimi zimechoka. Tuliuliza Desemba 2004, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilipotia saini Lilongwe makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara. Tukauliza tena walipokuja wataalamu wa Korea kufanya upembuzi yakinifu. Leo tunasikia Serikali inatafuta mbia wa kujenga kilomita zipatazo 1,000 kutoka hapa hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Hilo la lini ni la Dodoma na la wenye mitaji, tunawaachia. Barua hii inauliza wapi.

Njia ya reli ni kitu chembamba, inapita na watu wanazoea. Yadi ni jambo lingine. Chukua treni ya mabehewa 50 ya kawaida: ukiyanyoosha yote, urefu unafika mita 700 au zaidi. Kila njia ya kupokelea treni lazima iwe ndefu kuliko hapo, na iwe kwenye ardhi tambarare, maana behewa lililofunguliwa likipata mteremko halisubiri mtu. Njia hizo zinalala sambamba, tano, nane, kumi. Ongeza karakana, mahali pa kreni na makontena, mahali pa kumwaga makaa, barabara za malori ya kuingia na kutoka, taa za usiku kucha. Halafu yanakuja yasiyochorwa kwenye ramani: gereji, vituo vya mafuta, gesti, mabanda ya mama lishe, wauza matairi. Ikishakaa hiyo, mjukuu wangu ataikuta palepale.

Nimefanya kazi ya ukarani wa mizigo kwa miaka mingi, kwa hiyo nazungumza kama mtu aliyehesabu magunia.

Huku kusini stesheni imewahi kuwekwa mahali pa kubahatisha, na tunajua mwisho wake. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga, Mtwara haikuwa na bandari ya kushusha matrekta. Wakajenga gati la haraka Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, na reli ikaanzia pale kupanda Nachingwea. Mkwaya maji ni mafupi, na kila aliyeitazama bahari ya Mtwara alijua kina kiko huku. Njia ikaja kuletwa Mtwara baadaye, likajengwa na gati la maana. Bandari ilifunguliwa 1954. Mpango wa karanga ulikuwa umeshatupwa tangu 1951. Tukabaki na bandari nzuri na reli nzuri, mzigo haupo. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Mjini kwetu ipo kata inayoitwa Reli, na wengi wa wakazi wake hawajawahi kusikia honi ya treni wakiwa nyumbani kwao.

Wazee wakisimulia habari hiyo huwa wanacheka karanga. Mimi naitazama Mkwaya. Walijenga stesheni penye haraka yao, kabla ya kujua meli kubwa itasimama wapi na itabeba nini. Sisi leo hatuna kisingizio hicho, kwa sababu mzigo tunaujua na meli tunaziona.

Gati jipya la mita 300, lililojengwa kwa Shilingi bilioni 157.8, limekaa pembeni ya lile la zamani. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamekuwa yakija kwa malori zaidi ya kilomita 700 kupitia Songea, Tunduru na Masasi, na biashara hiyo ilipamba moto 2022 vita vya Ukraine vilipowafanya wanunuzi wa dunia watafute makaa popote. Korosho zinatoka hapa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Salfa ya kupulizia mikorosho inaingia. Kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kinakula makaa na kutoa mifuko. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa kuna Malawi, inayohitaji mafuta na mbolea, na bandari ya Mbamba Bay inajengwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwemo viongozi wetu wa huku wanaposimama majukwaani. Wanasema reli itabeba korosho. Ndugu Mkurugenzi, wewe unajua kuwa treni inalishinda lori kwenye safari ndefu. Korosho za Tandahimba na Newala ziko mwendo wa asubuhi moja kutoka bandarini. Kuzipakia kwenye lori kutoka ghala kuu, kuzishusha stesheni, kuzipakia kwenye behewa, kisha kuzishusha tena bandarini ni kumlipa kuli mara mbili kwa gunia lilelile. Hakuna mnunuzi atakayekubali. Na Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Treni ya mizigo haipandi ule ukuta, labda uizungushe hadi faida yote iishie njiani. Korosho za karibu zitaendelea kuja kwa lori, na tuseme hivyo mapema. Treni itabeba vya mbali: makaa, chuma kikichimbwa, mzigo wa Malawi, mbolea na mafuta ya kupanda Ruvuma, pengine na korosho za Tunduru.

Ukishakubali hilo, suala la mahali linakuwa jepesi kuliko linavyoonekana.

Makaa yaende Kisiwa. TPA wenyewe wana mpango wa kujenga bandari ya mizigo michafu Kisiwa Mgao, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na kwangu ni uamuzi wa busara kuliko mingi iliyopita. Tazama ramani. Mzigo wa Masasi unashuka Ndanda, Nyangao, Mtama, unafika Mnazi Mmoja, unakata kulia kuja Mtwara. Njiani unapita jirani na kiwanda cha saruji, na Kisiwa iko upande huohuo, kabla hujafika Mikindani. Yadi kubwa ikiwa huko, treni ya makaa haina sababu ya kuiona Mikindani wala mji wa Mtwara. Behewa litamwaga, mkanda utapeleka melini, kichwa kitageuka. Hata kiwanda kitapata makaa yake mlangoni bila lori.

Linganisha na hali ilivyo sasa. Lori la makaa linashuka Mikindani, linapita ukingoni mwa ghuba, chini ya boma la Wajerumani, kwenye mitaa ambayo David Livingstone aliiacha 1866 akielekea bara na ambayo tunawaambia watalii waje kuitazama kwa utulivu. Turubai limefungwa, sawa, lakini turubai si kifuniko cha sufuria. Ukipitisha kitambaa kibichi juu ya kabati katika nyumba iliyo kando ya barabara, kinarudi na weusi ambao si wa vumbi letu la kawaida, lile jekundu. Wanafunzi wetu wanavaa mashati meupe. Mama anayefua anajua habari ya makaa kuliko mtaalamu yeyote wa mazingira.

Nimefanya hesabu ya karani. Tuseme behewa moja linabeba tani 60 na treni ina mabehewa 40: hizo ni tani 2,400. Kwa lori la tani 30, ni malori 80 yaliyoondoka barabarani kwa treni moja. Lakini yadi ikijengwa mjini na makaa yakawa yanahamishwa kwa lori kutoka yadi hadi gatini au kutoka yadi hadi Kisiwa, yale malori 80 yatarudi yote, safari hii yakizunguka mitaani kwetu mchana na usiku. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa. Reli inaweza kutuondolea malori ya Songea na kutuachia ya mtaani.

Sisemi Kisiwa hakuna watu. Wapo, na kuna wavuvi wa Kisiwa, Mgao na Naumbu, na kuna mikoko ambayo ndiyo kitalu cha samaki wao. Makaa yakirundikwa wazi kando ya mikoko, tutakuwa tumehamisha balaa kutoka kwa wenye sauti kwenda kwa wasio na sauti, na mimi sitaki kushiriki dhambi hiyo. Rundo liwe mbali na maji, lipuliziwe maji, mkanda ufunikwe, maji ya mvua yakusanywe kabla hayajaingia baharini. Haya yanagharimu fedha. Yaandikwe kwenye mkataba wa mbia tangu mwanzo, kwa sababu mbia akishaanza kusafirisha hana tena masikio.

Kuna anayependekeza upande wa kusini, kwamba ardhi bado ni pana kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Hapana. Huko kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 zenye matumbawe, nyasi bahari na mikoko. Upana wa ardhi peke yake hautoshi kuwa sababu.

Makontena ni habari tofauti. Kontena halitoi vumbi, na meli zake zitaendelea kuja gati la mjini. Hapo naomba njia moja, au mbili, ziingie moja kwa moja mpaka gatini, treni ije ikiwa imeshapangwa, ipakue, iondoke. Kupanga mabehewa, kuyaosha, kuyalaza na kuyatengeneza kufanyike nje, huko kwenye yadi kubwa. Njia moja yenye uzio na vivuko vya juu tutaivumilia, tena tutaifurahia. Tunachoogopa ni kukatwa mji vipande viwili, mtoto wa upande huu asiweze kwenda shule ya upande ule kwa sababu behewa limesimama njiani tangu alfajiri.

Na korosho? Nimesema zitabaki kwenye malori, kwa hiyo malori nayo yanahitaji mahali pake. Nenda barabara za kuelekea maghalani na bandarini kati ya Oktoba na Januari. Malori yamepangana, moja nyuma ya lingine, yakisubiri zamu. Utingo ametandika mkeka chini ya trela, kandambili zake zimepangwa kando ya tairi, jiko la mkaa linawaka hatua chache kutoka kwenye tangi la dizeli. Dereva ananyoa ndevu kwa kioo cha lori. Mama lishe anawakopesha chakula, na kwenye daftari lake la madeni haandiki majina, anaandika namba za malori, kwa sababu dereva anaweza kubadilishwa lakini lori litarudi. Watoto wanapenya katikati ya bampa mbili kwenda shule. Choo hakuna. Pa kuogea hakuna. Halafu tunawalaumu madereva kwa uchafu.

Eneo lao lingefaa kuwa upande wa Naliendele, barabara ya Newala inakoingilia mjini, na hasa sasa ambapo lami ya kutoka Mnivata kwenda Tandahimba, Newala na Masasi inajengwa. Malori yakae huko kwenye maegesho yenye vyoo, maji, taa na mizani, yaitwe bandarini kwa zamu kwa simu. Kongani ya viwanda vya korosho ya Maranje, kule Nanyamba, nayo iko upande huo. Ila nikisema Naliendele simaanishi mashamba ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI. Mikorosho ya pale ndiyo mama wa mikorosho bora ya nchi hii. Atakayeingiza tingatinga humo kwa ajili ya kuegesha malori tutamkumbuka kwa jina.

Najua kuna hoja nyingine itakayoletwa mezani: kwa nini stesheni kuu ya mizigo isiwekwe Masasi, makontena yafunguliwe huko, Mtwara ibaki kupakia tu? Masasi ni njia panda, na Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010, linaleta mzigo wa Msumbiji. Stesheni ndogo Masasi naiunga mkono. Stesheni kuu huko, pamoja na shughuli za forodha, siiungi mkono, na sababu yangu iko Mombasa.

Kenya walipojenga reli yao ya kisasa, waliimarisha bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi, wakaongeza nyingine karibu na Naivasha. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara iende kwa treni mpaka Nairobi ndipo itolewe. Mombasa ikaingia barabarani kuandamana. Madereva, mafundi wa magari, mawakala wa forodha, wenye maghala, wauza chakula wa Changamwe, wote waliona kazi zao zimepanda treni. Mahakama Kuu ikaja kuipinga amri hiyo mwaka 2020, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku anaapishwa, akatangaza kurudisha shughuli hizo bandarini. Miaka yote hiyo, mji uliopigana ni ule wenye meli. Kwa hiyo yadi iwe nje ya mji, lakini iwe umbali ambao kijana wa Chuno anaweza kwenda kazini kwa daladala na kurudi kulala kwake. Kisiwa inatimiza hilo. Masasi, karibu kilomita 200, haitimizi.

Mfano mwingine uko hapahapa nchini. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 31, 2025, umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Dar es Salaam, ili kupunguza malori mjini. Kwala ilihitajika kwa sababu Dar ilishajibana yenyewe: bandari iko katikati ya mji na mji umeizunguka pande zote. Mtwara bado. Sisi tuna bahati ya kuwa nyuma, na bahati hiyo haikai. Viwanja vinapimwa kila mwaka. Kila ukienda upande wa Mikindani utaona msingi mpya wa nyumba.

Ndiyo maana nasema ardhi itengwe sasa, hata kama reli itajengwa baada ya miaka kumi. Itangazwe mipaka, iwekwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa manispaa na wa halmashauri ya wilaya, na wenye mashamba walipwe. Walipwe wakati wa kutwaa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Tunachokifahamu sisi ni X nyekundu. Mtu anachorewa X ukutani, anaambiwa asiongeze chumba wala asipande mkorosho, kisha anakaa na X yake mpaka rangi inafifia. Mkorosho unachukua miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa vizuri. Ukimzuia mtu kupanda kwa miaka mitano bila kumlipa, umemchukulia shamba bila kulitwaa.

Nitaje na 2013, maana kutoitaja hakuifuti. Januari na Mei ya mwaka ule mji huu uliwaka kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, wanajeshi wakaletwa. Wengine bado wanasema wananchi walidanganywa na wanasiasa, wengine wanasema walinyimwa haki. Mimi nakumbuka jambo dogo tu: watu wengi wa mitaani waliujua mradi pale mabomba yalipokuwa yanakuja. Maelezo yalifuata, na maelezo yanayofuata nyuma ya mabomba hayasikilizwi.

Kwa hiyo naomba haya, na ninayaomba kwa adabu. Kabla mbia hajapatikana, leteni ramani. Msilete ile ya kung'aa yenye picha ya treni, leteni ya mpimaji, yenye namba za viwanja na majina ya vitongoji. Ibandikwe ofisi za kata za Chuno, Reli, Naliendele, Naumbu na za Mikindani, ikae miezi mitatu, na awepo mtu wa kujibu maswali ambaye si diwani. TRC na TPA mje pamoja. Mkija mmoja mmoja kila mmoja atatuambia hilo la mwenzake halijui, na bandari ya Kisiwa itajengwa bila nafasi ya reli, au reli itaelekezwa mjini kwa sababu Kisiwa ilikuwa haijaisha. Kama wataalamu wenu wameona Kisiwa haifai kwa sababu ya udongo, mwinuko au gharama, tuonyesheni hesabu, tutaelewa. Sisi huku tumepima mizigo maisha yetu yote.

Na kama eneo limeshachaguliwa, basi litajwe kwa jina kwenye majibu ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Chuno,
Mtwara.